Doa Kichwani mwa Limi

Jumatatu, 24 Februari
Asubuhi ukungu mzito mpaka saa mbili, kisha jua. Kipimo cha mvua kimeonyesha milimita 19. Tumeanza kupanda maharage shamba la juu: mimi, mume wangu Gaspari na mkamwana wetu Limi. Mistari kumi na minane. Limi ametutangulia wote. Anasema kwao Nyabusozi mvivu hulala njaa. Huu ni mwaka wake wa tatu hapa Nyakisasa. Mwanangu Jeremia alimpata alipokuwa anajenga madarasa huko Biharamulo. Limi ni Msabato, sisi Wakatoliki. Jumamosi yeye hashiki jembe, Jumapili hatushiki sisi. Msimu wa kupanda tunapishana kama walinzi wa zamu.

Alhamisi, 27 Februari
Milimita 7. Nimekamua juisi ya ndizi mbivu, nikazikanda kwa majani mpaka zikatoa maji. Limi amekunywa vikombe vitatu. Pombe yetu hanywi, nguruwe hali, basi hii namtengenezea yeye. Sufuria yake pia iko kando tangu alipoolewa, haijawahi kugusa mafuta ya nguruwe. Majirani husema namdekeza. Mimi naona ni heshima ya dini yake, na najivunia.

Jumapili, 2 Machi
Mvua hakuna. Misa ya pili.

Jumatano, 5 Machi, Jumatano ya Majivu
Milimita 11, ilikatika alfajiri. Nimetoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, nikaenda moja kwa moja shambani kumsaidia Limi kujazia mashimo yasiyoota. Saa nne na dakika kumi alisema, "Mama, mkono unanichezea." Nikatazama. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kinaruka chenyewe, kisha kiganja, kisha mkono mzima. Alikuwa anautazama kama mkono wa mtu mwingine. Halafu akaanguka.

Jirani yetu Scola alikuwa shamba la pili. Alipiga kelele, "Usimguse! Povu linaambukiza! Mama Jeremia, toka hapo!" Sikutoka. Namba zote za saa yangu nilikuwa naziona vizuri, jambo la ajabu, maana kitu kingine sikukiona. Dakika tatu na nusu. Nilimlaza ubavu, nikamwekea kitenge changu chini ya kichwa. Alipofumbua macho aliniuliza nimepakwa nini usoni.

Alhamisi, 6 Machi
Milimita 22. Zahanati. Tabibu amempima malaria: hakuna. Amesema tungoje tuone.

Jumapili, 9 Machi
Tumeona. Saa kumi na moja jioni, mkono ule ule wa kulia, dakika mbili. Kesho hospitali ya wilaya.

Jumanne, 11 Machi
Mvua kidogo, sikupima. Daktari wa mjini Ngara amesema kifafa kinachoanza ukubwani, tena kwa mkono mmoja, hakiachwi bila kupiga picha ya kichwa. Ameandika rufaa ya Mwanza. Scola amekuja jioni kutupa pole na kuuliza kama Limi alitoka kwao akiwa mzima. Nimempa pole yake akaondoka nayo.

Jumatatu, 17 Machi, Mwanza
Joto, mawingu ya ziwani. Limi ameingizwa kwenye mashine yenye umbo la pete, akatoka baada ya dakika ishirini akisema inanguruma kama mashine ya kusaga. Tumepewa karatasi ya Kiingereza, daktari tutamwona keshokutwa. Jeremia amekaa na simu, akatafuta neno moja moja. Lipo neno leshoni. Simu ikamletea picha za watu walionyolewa na kushonwa vichwa. Akasema polepole, "Mama, ni uvimbe. Uvimbe wa ubongo."

Limi alikuwa amesimama mlangoni. Amesikia.

Jumatano, 19 Machi, Mwanza
Sikujali mvua ya leo. Naandika yote kabla sijasahau.

Daktari anaitwa Deodata, ni binti mdogo kuliko Jeremia, ana sauti ya mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara elfu na bado analipenda. Alimwuliza Limi, "Unaogopa nini hasa, dada?"

Limi akajibu, "Uvimbe."

"Nani kakwambia uvimbe?"

Limi akamtazama Jeremia. Jeremia akaitazama simu yake.

"Basi tuizime hiyo kwanza," akasema daktari, na hata Limi akacheka.

Akawasha kioo. Na pale ndipo nilipouona ubongo wa mkamwana wangu. Nimefika kidato cha nne, nilijifunza baiolojia, nilichora ubongo kwa penseli nikapata alama nane kati ya kumi. Sikujua kitu. Ulikuwa umekunjamana kama matuta ya viazi yaliyolimwa na mtu asiyechoka, kila tuta limejibana na jingine, na ndani yake mabwawa madogo meusi ya maji. Nikafikiri: humo ndimo lilimo jina langu anavyoliita, humo zimo nyimbo zake za Kisukuma na njia ya kwenda kisimani. Yote katika kitu ambacho ningeweza kukibeba kwa viganja viwili. Nilitaka kupiga magoti, nikaona haya.

Upande wa kushoto, juu, kulikuwa na duara dogo jeupe, kama pete ya mtoto, na katikati yake nukta. "Ni upande wa kushoto kwa sababu kushoto ndiko kunakoamrisha mkono wa kulia," akasema. Hilo nalo nililijua kwa penseli tu.

Kisha akaeleza. Leshoni, alisema, ni neno la mtu aliyeona lakini bado hajajua. Maana yake ni mahali pasipokuwa kama panavyotakiwa kuwa. Panaweza kuwa kovu la jeraha la zamani, damu iliyovuja, usaha, kifua kikuu, au mdudu. Panaweza pia kuwa uvimbe. Lakini uvimbe ni jambo moja mahususi: ni chembe za mwili wenyewe zilizoacha kutii, zikazaana bila kuambiwa basi. Hata huo si lazima uwe saratani. "Kila uvimbe wa ubongo ni leshoni, Mama, lakini si kila leshoni ni uvimbe."

Nikamwambia, "Kama doa kwenye jani la maharage. Mtu anaona doa anasema kutu. Kumbe linaweza kuwa kutu, au mvua ya mawe, au mdudu katafuna. Doa nimeliona. Ugonjwa bado."

Akaniangalia. "Mama, nitaiba mfano wako."

Yeye anadhani duara hili ni mdudu. Tegu la nguruwe, katika umbo lake la utoto, limejifunga kwenye kifuko kidogo; ile nukta ndicho kichwa chake. Gaspari, anayefuga nguruwe, angekuwepo angesimama na kuondoka. Jeremia akasema, "Daktari, huyu hajawahi kula nguruwe. Ni Msabato. Hata sufuria yake ni ya peke yake."

"Hapo ndipo wengi mnapokosea," akasema Daktari Deodata. "Anayekula nyama yenye vifuko isiyoiva vizuri, huyo anapata tegu tumboni. Tegu linakaa humo miaka, yeye anatembea, analima, hajui. Mayai yake hutoka na choo. Mkono usiooshwa vizuri unayabeba mpaka kwenye chakula au kinywaji cha mwingine. Huyo mwingine akiyameza ndipo yanapopanda kichwani. Hahitaji kula nguruwe hata kipande. Anahitaji tu kula kilichoandaliwa na mtu mwenye tegu."

Akaendelea: hawezi kuapa. Limi atalazwa siku kumi, atapewa dawa ya kuua mdudu na ya kutuliza ubongo, na vidonge vya kifafa vya kuendelea navyo. Mwanzoni mwa Juni picha ya pili. Duara likiwa limepungua, alikuwa mdudu. Likiwa limekua, si mdudu, na itabidi fuvu lifunguliwe. Na sisi wote wa nyumbani tukapime choo.

Limi aliuliza swali moja: "Kwa hiyo mpaka Juni sitajua kama ninakufa?"

Daktari hakumdanganya. Alisema, "Mpaka Juni sitajua kwa hakika. Lakini nadhani hufi."

Jumamosi, 29 Machi
Tumerudi Nyakisasa. Gaspari amejaza kitabu cha mvua vibaya: ameandika "nyingi" siku nne mfululizo.

Jumatatu, 31 Machi
Milimita 16. Maharage yamefunga shamba, magugu pia. Nimemweleza Gaspari habari ya vifuko kwenye nyama. Akauliza, "Zile punje nyeupe kama mchele?" Ndizo. Pasaka ya mwaka juzi tulichinja dume lililokuwa nazo begani. Gaspari alisema ni mafuta. Tulizikaanga, zikawa zinapasuka kikaangoni, na watu walizigombania.

Alhamisi, 3 Aprili
Milimita 9. Gaspari na Jeremia wamepima: safi. Limi alishapimwa Mwanza: safi. Nimebaki mimi.

Nimetoa madaftari yangu ya zamani. Agosti, mwaka juzi: "Vipande vyeupe kama tambi bapa. Nimekula mbegu za papai." Novemba: "Tena." Mwaka jana Mei: "Tena." Niliandika kila kitu sawasawa, na tarehe. Sikufikiria lolote.

Nimekaa na hesabu hii mchana wote. Kama mimi sina tegu, basi mdudu ametoka tusikokujua, au si mdudu kabisa, ni uvimbe. Kama ninalo, basi juisi ya ndizi niliyomkandia kwa mikono hii miaka miwili, isiyopita motoni, ndiyo iliyompelekea mdudu kichwani. Nikiwa na hatia, Limi atapona. Nikiwa safi, huenda anakufa. Sijawahi kusali sala ya namna hii: Bwana, nikutwe nalo.

Jumatatu, 7 Aprili, Ngara mjini
Mvua ya radi saa tano. Nimepanda bodaboda kwenda maabara peke yangu, nikisema naenda sokoni. Kijana wa maabara, Celestini, ameinama kwenye hadubini muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nataka kuona.

Ni mviringo kamili. Ukuta wake mnene una mistari midogo inayotoka katikati kama tairi la baiskeli lenye spoku mia. Hakuna fundi wa saa anayeweza kutengeneza kitu kama kile. Nimesimama pale nikashangaa uzuri wake, huku nikizikunja kucha zangu ndani ya kiganja, maana mamia ya mayai hayo yanaweza kukaa chini ya ukucha wangu mmoja yasijulikane.

"Mama, unalia au unacheka?" akauliza Celestini.

Sikujua. Bwana alinisikia.

Jumanne, 8 Aprili
Nimetafuna dawa asubuhi, nikanywa ya kuharisha. Saa nane limetoka. Nimelipima kwa futi kamba ya Jeremia, halafu nikaichemsha futi kamba. Mita mbili na sentimita kumi na nne, kichwa sikukiona. Limeishi ndani yangu nikiimba kwaya, nikipalilia, nikizika watu. Nimelichoma moto.

Sijamwambia mtu. Nitasema kesho.

Jumatano, 9 Aprili
Milimita 12. Sikusema. Hakuna aliyeniuliza kipimo changu.

Ijumaa, 11 Aprili
Milimita 4. Limi hali vizuri. Nimemkuta amekaa nyuma ya nyumba amejishika kichwa kwa mikono miwili, kama anayekipima uzito. Nikageuka.

Jumanne, 15 Aprili
Milimita 31. Juisi sikamui tena. Nimesema ndizi zimeharibika.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka
Jua zuri. Gaspari amechinja mbuzi. Scola akauliza kitimoto iko wapi, Pasaka gani hii. Sikula. Sikupokea komunyo pia. Padri amenitazama.

Alhamisi, 24 Aprili
Mawingu, hakuna mvua. Siku ndefu.

Saa nne amefika Mzee Ngassa, baba yake Limi, kutoka Nyabusozi, mgongoni mwa bodaboda, akiwa na koti na fimbo. Alikataa kiti mpaka aseme.

"Mkwe, nimekuja kumchukua mtoto wangu. Kule kwetu yuko mtu anatoa uvimbe bila kisu. Vidonge vyenu aviache."

"Daktari amesema si uvimbe," akasema Gaspari.

"Amesema hajui! Wenyewe mmeniambia kwenye simu. Mtu hajui, anampa mtu dawa?"

"Anadhani ni mdudu wa nguruwe."

Ngassa akacheka bila furaha. "Limi nguruwe hamjui hata kwa harufu. Sema kingine."

"Hata sisi tunashangaa," akasema Gaspari. "Nyumba hii ni safi. Sufuria yake iko kando, muulize Mama Jeremia." Wote wakageuka kunitazama, nitoe ushahidi wa sufuria.

Kabla sijasema, Limi akasimama. "Nitaenda, Baba. Mama, nisamehe. Nimechoka kungoja Juni. Kama ni uvimbe, bora unimalizie kwetu."

Nikaingia ndani nikatoa karatasi ya maabara. Nikaiweka juu ya kigoda badala ya kumkabidhi mtu.

"Mdudu ni wangu," nikasema. "Nyumba hii si safi. Wengine walipimwa wakakutwa wazima. Mimi nilikuwa na tegu, labda miaka miwili. Nyama niliila mimi. Sufuria niliitenga, mikono sikuitenga. Juisi niliyokuwa nakukandia, Limi, ndiyo."

Gaspari alikaa chini. Ngassa akamtazama bintiye, si mimi. Limi aliichukua karatasi, akaisoma mpaka mwisho, akairudia kwenye tarehe.

"Tarehe saba," akasema. "Leo ni ishirini na nne."

"Ndiyo."

"Siku kumi na saba. Siku kumi na saba nalala nikijizika, na wewe una hii karatasi kwenye sanduku."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mdudu hukumjua, Mama. Karatasi uliijua."

Ni kweli tupu.

Kisha sura yake ikabadilika, kama mtu aliyesikia mlango unafunguliwa chumba cha mbali. "Kwa hiyo," akasema, "kwa hiyo si uvimbe?"

Nikampigia Daktari Deodata mbele yao, nikaweka sauti ya wote. Alinikaripia kwanza, kwa haki. Halafu akasema, "Haithibitishi kwa asilimia mia. Lakini dada Limi, mizani imeinama sana upande wako. Usiache vidonge." Limi akafunika uso kwa khanga. Ngassa akavua kofia, sijui kwa heshima ya nani.

Ameondoka saa tisa bila bintiye. Akasema, "Atakaa mpaka picha ya pili. Lakini ajipikie."

Ijumaa, 25 Aprili
Milimita 6. Limi amejipikia.

Jumatatu, 28 Aprili
Limi amejipikia. Gaspari amejenga banda la nguruwe lenye sakafu, hakuna kuzurura tena. Choo amekiwekea mlango. Haongei sana. Jana alisema, "Mafuta! Nilisema ni mafuta."

Jumamosi, 3 Mei
Milimita 8. Scola ameshajua, basi Nyakisasa nzima imejua. Amenijia kwa sauti ya chini: "Shoga, vile vipande vyeupe, vikoje hasa?" Nimemwelekeza kwa Celestini.

Alhamisi, 8 Mei
Maharage yamejaza maganda. Limi anajipikia, ananisalimia, basi.

Jumapili, 18 Mei
Mvua imeisha, nadhani. Siku tisa kavu. Limi hajaanguka tangu Machi. Nimehesabu mara mbili.

Jumatatu, 26 Mei
Tumeng'oa maharage shamba la juu. Tumepiga kazi kimya, mistari sambamba. Alinipita kama kawaida.

Jumatatu, 2 Juni, Mwanza
Anga wazi. Aliingia kwenye pete akatoka. Safari hii Jeremia aliiacha simu nyumba ya wageni kwa hiari yake.

Jumanne, 3 Juni, Mwanza
Daktari Deodata aliweka picha mbili kwenye kioo, Machi na Juni. Nilitafuta duara kwenye ile ya pili nikalikosa. Limi ndiye aliyeona. "Hapa," akasema, akaweka kidole. Nukta moja, nyeupe kabisa, ndogo kuliko punje ya ulezi.

"Amekufa," akasema daktari. "Huo weupe ni chokaa. Mwili wako umemzungushia ukuta wa chokaa, kama mnavyoziba shimo la panya. Sasa ni kovu tu."

"Nani aliuambia mwili?" akauliza Limi.

"Hakuna."

"Mimi nilikuwa nalia, na wenyewe unajenga?"

"Wenyewe unajenga."

Limi akajipapasa kichwa upande wa kushoto, juu ya nywele, taratibu, kama anayempapasa ndama aliyezaliwa leo. Vidonge vya kifafa ataendelea navyo, kovu nalo huweza kuchokoza. Lakini fuvu halifunguliwi. Nimeandika mara moja na narudia: halifunguliwi.

Alhamisi, 5 Juni
Baridi asubuhi, vumbi la kwanza. Tumefika Nyakisasa saa tisa. Mzee Ngassa alikuwa anatusubiri. Aliichukua picha akaiinua kwenye jua, akautazama ubongo wa bintiye muda mrefu mpaka mkono ukachoka, akaihamishia mkono wa pili. "Huu wote ni yeye?" akauliza. Gaspari akajibu kwamba ndiye, na hata yeye alivua kofia.

Jioni nilikuwa naelekea jikoni kumchemshia mgeni chakula, nikijua Limi atawasha moto wake kando. Akanizuia mlangoni. Alikuwa na jagi la maji na sabuni.

"Mama, bado nimekasirika," akasema. "Si kwa mdudu."

"Najua."

"Nitakasirika mpaka itakapoisha, sijui lini. Lakini mioto miwili nyumba moja inamaliza kuni. Kuanzia leo utapika nami nitakula. Ila utanawa nikiona."

Nikatoa mikono. Kwetu mkamwana humwagia mama mkwe maji ameinamisha macho. Limi hakuinamisha. Aliyakodoa kwenye vidole vyangu kimoja kimoja, na maji alikuwa anayamimina kidogo kidogo.

"Nimemaliza," nikasema.

"Bado, Mama. Chini ya kucha."

Nikasugua chini ya kucha. Ngassa na Gaspari walikuwa wanatutazama toka uani, kama watu walio kanisani.

"Mkono wa pili," akasema Limi.

Tumekula wote ugali na maharage mapya. Nimelala saa tatu na dakika ishirini.